Ndege Wanaangalia Wapi

Kila Novemba, mitihani ya kidato cha nne ikimalizika, wazazi wa mtaani kwetu hapa Morogoro huanza kupita dukani kwangu. Ombi lao ni lile lile tangu nilipofungua mwaka 2012: "Mama, naomba umpokee huyu mpaka matokeo yatoke, asikae bure."

Niliwapokea kwa moyo mmoja, ila miaka ya mwanzo sikuwafundisha. Walifagia vipande vya vitambaa, walipiga pasi, walitumwa chai kwa mama ntilie. Muda uliobaki walikaa kwenye benchi wakitazama mikono yangu. Mimi mwenyewe nilijifunza hivyo kwa shangazi: ukitazama sana, utajua. Sikuona sababu ya kubadili.

Kilichonibadilisha ni kitenge. Kilikuwa na ndege wakubwa wa buluu, wote wamesimama kuelekea upande mmoja, na mteja alitaka gauni la kuvaa kwenye harusi ya mdogo wake. Binti niliyekuwa naye msimu ule alikuwa ameniomba wiki nzima akate japo kitu kimoja. Nikamwambia, "Haya mwanangu, kunja mara mbili, weka patani, kata." Akakunja kwa kuleta ncha kwa ncha, akachora kwa chaki mstari ulionyooka kuliko wangu, akakata. Alipoinua kipande cha nyuma, ndege wote walikuwa miguu juu.

Alilia bila sauti. Nilitaka kumkaripia, lakini neno likanikwama: lini nilimwambia? Kitambaa chenye picha za namna ile hukunjwa kwa urefu, ukingo juu ya ukingo. Ukileta ncha kwa ncha, nusu ya juu inageuka kichwa chini. Mikono yangu ilikuwa inajua hilo miaka yote, ila sikuwahi kulitamka mbele ya mtu. Nikanunua pisi nyingine ya yadi 6 kwa pesa yangu. Jioni ile ile nikanunua na daftari.

Tangu hapo kila ninachofanya mezani nakisema kwa sauti, na wao wanaandika. Haikuwa rahisi. Kuna mambo ambayo ilibidi nisimame, nirudie taratibu, ndipo nijue mkono wangu umefanya nini. Na wao wakaanza kuuliza. Kijana mmoja aliniuliza kwa nini, kwenye sketi ya mwamvuli, kipimo cha kiuno nakigawa kwa 6. Nikamjibu ndivyo nilivyofundishwa. Akachukua chaki, akaandika kwenye meza: mteja huyu kiuno chake ni inchi 44, duara lenye mzingo wa 44 nusu kipenyo chake ni 7. Mimi nikigawa kwa 6 napata 7 na theluthi moja, na kiuno kinazidi kwa inchi 2. Niliitazama ile hesabu nikakumbuka sketi zote nilizolazimika kupunguza kiunoni siku ya kujaribu. Hesabu ya darasani ilikuwa imekaa benchini kwangu miaka yote, nami naituma chai.

Januari 2024 baadhi ya shule zetu zilianza kidato cha kwanza cha mkondo wa amali, na ushonaji ni mojawapo ya fani zake. Nilifurahi sana. Sasa mtoto anayeshika mkasi haonekani tena kama mtu anayesubiri maisha yake yaanze. Mkasi wenyewe ni somo lake. Ila somo hilo linahitaji mafundi wanaosema wanachokijua, na wengi wetu tumelelewa kimyakimya.

Kile kipande cha nyuma bado ninacho. Nimekitundika juu ya meza ya kukatia. Kila mgeni wangu nampa chaki siku ya kwanza, namkunjulia kitenge, kisha nakaa kimya kidogo kumsubiri. Msimu uliopita binti mmoja alikinyoosha kitambaa kwa viganja, akatazama juu, akarudisha macho mezani. Hakugusa mkasi.

"Mama," akaniuliza, "hawa ndege wanaangalia wapi?"

Nikavuta kiti, tukaanza kazi.