Pasi ndefu na vidonda vya tumbo

Wadau, aliyesoma chuo hapa Bongo anaijua pasi ndefu: asubuhi unaruka, mchana unaruka, jioni ndiyo unagonga wali maharage. Bumu likikata, hakuna ratiba nyingine. Niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa bingwa. Tumbo likimchoma anameza diklofenaki za duka la dawa, anarudi kwenye desa. Hosteli nzima ilisema ni njaa.

Kumbe! Mwaka 2005 Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua bakteria, Helicobacter pylori, anayesababisha vidonda vingi vya tumbo. (Mwaka 1984 Marshall aliwanywa mwenyewe ili athibitishe. Jamaa ana roho ngumu!) Wanaofuatia kwa kuchimba vidonda ni dawa za maumivu, hizo hizo diklofenaki. Tumbo tupu huweza kuzidisha maumivu tu. Na bakteria huyo hupimwa, kwa kinyesi kwa mfano, na hutibiwa kwa antibayotiki.

Muhula wa mwisho jamaa alitapika damu usiku, tukamkimbiza hospitali kwa bajaji ya kuchangishana. Alipona, mitihani akafanya mwaka uliofuata. Siku hizi ana kazi nzuri mjini. Mchana bado hali, anasema muda hana.