Ralonji Yenye Matundu Mawili

Nyumba yetu ipo Buyenzi, mwendo mfupi kutoka soko la Ruvumera. Anayeujua mtaa huu hapa Bujumbura anaujua kwa mambo mawili: Kiswahili na mafundi. Mimi nilichagua Kiswahili nikaenda kukisomea chuoni, nikawaacha mafundi barabarani. Wiki moja ya mwaka jana ilinionyesha hasara ya uchaguzi huo.

Baba mdogo alipoacha kupiga muziki kwenye harusi alinipa gitaa lake la umeme na ampli yake ya zamani. Nilizipanga sebuleni, pembeni ya kabati, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na ralonji, ile ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita ekstensheni. Ralonji hiyo ilibeba ampli, televisheni, chaji za simu na modemu ya intaneti. Kila jioni nikirudi chuoni nilifanya mazoezi, na kila jioni ampli iliunguruma kama nzi aliyefungiwa ndani ya chupa. Mara nyingine vidole vyangu vilisisimka nikishika nyuzi. Nilidhani ni uzee wa ampli.

Kisha mtandao nao ukaanza kuugua. Ulikuwa ukikatika jioni, dakika mbili au tatu, ukarudi, ukakatika tena. Ingekuwa wakati mwingine tungevumilia, lakini dada yangu alikuwa ameitwa kwenye usaili wa nafasi ya masomo nje ya nchi, na usaili huo ungefanyika kwa video siku ya Alhamisi saa moja jioni. Ilikuwa Jumatatu.

Mama alitoa hukumu mapema: "Ni hilo gitaa lako. Likiimba, mtandao unakufa." Nilicheka. Nilimweleza kwamba modemu yetu huongea na simu kwa mawimbi yanayotikisika zaidi ya mara bilioni 2.4 kwa sekunde, wakati uzi mnene kabisa wa gitaa hutikisika mara 82 tu. Havikutani hata njiani. Mama hakubishana. Alisema tu, "Haya, msomi."

Mimi nilikuwa na mshukiwa wangu. Mwaka uliotangulia tuliwapa jirani zetu neno la siri la mtandao, kijana wao alipokuwa akitafuta masomo ya umeme. Niliona wazi kwamba kijana huyo anapakua filamu jioni na kutumaliza. Basi usiku wa Jumatatu nikabadilisha neno la siri bila kumwambia mtu.

Jumanne asubuhi mama wa jirani alisimama mlangoni kwetu. Hakugomba. Alisema, "Mwanangu, kama mmechoka nasi mngetuambia. Tusingekasirika." Mama yangu, ambaye hakujua lolote, alinitazama. Nilijibu kwamba modemu ina matatizo. Haukuwa uongo, lakini haukuwa ukweli, na sisi sote watatu tulijua hivyo.

Jioni ile mtandao ukakatika kama kawaida.

Hapo ndipo nilipoona aibu. Jirani hakuwa tena ndani ya mtandao wetu, na ugonjwa ulikuwa palepale. Ningekuwa nimefanya jaribio hilo kwa nia ya kujua, ningelisifu. Lakini nililifanya kwa nia ya kuadhibu, na jibu lake likanihukumu mimi.

Nikachukua karatasi. Swali la kwanza lilikuwa: mtandao unapokatika, jina lake linabaki kwenye simu au linatoweka? Kama jina linabaki na kurasa hazifunguki, tatizo liko mbele ya modemu, kwa kampuni au angani. Kama jina linatoweka, modemu yenyewe imezimika. Nilikaa mbele yake kama mtu anayevizia panya. Jina likatoweka. Taa zote za modemu zikazimika, zikawaka moja moja. Haikuwa imepoteza mawimbi: ilikuwa imepoteza umeme kwa nukta moja, ikaanza upya.

Ampli nayo niliihoji vivyo hivyo. Nilipunguza sauti ya gitaa hadi sifuri: sehemu ya mngurumo ikapotea, sehemu ikabaki. Kwa hiyo kulikuwa na vyanzo viwili. Nikaongeza tena sauti, nikageuka na gitaa kifuani kama anayetafuta kibla. Nikiielekea modemu na chaji zake, kelele ilipanda. Nikigeuka ubavu, ilishuka. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba mara maelfu, na waya huo hausikii nyuzi peke yake. Husikia pia umeme wa nyumba, ambao kwetu huzunguka mara 50 kwa sekunde. Chanzo cha kwanza nikawa nimekipata. Cha pili kilinishinda, na siku ya Jumatano ilikuwa imeanza.

Mtu niliyehitaji nilimjua. Alikuwa kijana wa jirani, aliyekuwa amepata nafasi ya kujifunza umeme kwa fundi mmoja hapo mtaani. Nilizunguka uwanjani mara mbili kabla ya kubisha hodi. Nilimwambia mama yake ukweli wote: kwamba nilibadilisha neno la siri, kwamba nilimshuku mwanawe, kwamba nilikosea. Alinyamaza kidogo, kisha akamwita kijana. "Kaka yako ana shida ya umeme. Kachukue vifaa vyako."

Alikuja na bisibisi ile yenye taa ndogo ndani ya mpini. Hakugusa modemu wala gitaa. Aliigusisha bisibisi kwenye chuma cha ampli, na taa ikawaka. Akazima kila kitu, akaichomoa ralonji, akaigeuza. Tundu la ampli lilikuwa jeusi pembeni na plastiki imeanza kuyeyuka. Alipoifungua, waya mmoja ulikuwa umelegea kiasi cha kucheza. Kila nilipowasha ampli ilivuta umeme mwingi kwa ghafla, waya ule ukayumba, na modemu ikazimika. Jioni, watu wote wakiwa wanatumia umeme na nguvu yake ikiwa imeshuka, hata mtikisiko mdogo ulitosha.

Kisha akanionyesha jambo la pili. Plagi ya ampli ina njia ya tatu, ya waya wa ardhi, na soketi yetu ya ukutani inayo. Ralonji ilikuwa na matundu mawili tu na nyaya mbili tu ndani. Njia ya ardhi iliishia hapo. "Umeme unaovuja kwenye chuma," alisema, "ukikosa ardhi unasubiri mtu. Ule msisimko wa vidole ndio huo. Kaka, ungepiga pekupeku siku ya mvua, tungekuzika."

Nilidhani anatia chumvi. Baadaye nilisoma habari za Keith Relf, mwimbaji wa kundi la Yardbirds la Uingereza, aliyekufa nyumbani kwake mwaka 1976 kwa kupigwa na umeme akipiga gitaa. Miaka 4 kabla yake Leslie Harvey, mpiga gitaa wa Stone the Crows, alifia jukwaani mjini Swansea baada ya kugusa maikrofoni isiyofungwa ardhi vizuri. Hakuwa ametia chumvi.

Tulinunua ralonji nene yenye waya wa ardhi kwa ajili ya ampli. Modemu tuliihamishia soketi yake peke yake, upande mwingine wa sebule. Msisimko ukaisha, na mngurumo ukabaki mdogo kiasi cha kusikika usiku tu. Alhamisi dada alizungumza dakika arobaini na mtandao haukukatika hata mara moja. Mimi sikugusa gitaa. Ninapoandika haya majibu ya usaili bado hayajatoka, lakini akikosa, hatakosa kwa sababu yetu.

Mama alitaka kujua nani alikuwa na haki. Ilibidi nikiri: gitaa lilikuwa linaua mtandao kweli. Halikupitia hewani kama alivyodhani, lilipitia waya, lakini lilikuwa linaua. Yeye hakujua hesabu za mawimbi, ila aliona kwamba mambo mawili hutokea pamoja. Mimi nilijua hesabu, nikaitumia kuziba masikio.

Mtandao huu tunauita usio na waya, na waya mmoja uliolegea uliuangusha. Neno jipya la siri nililiandika kwenye karatasi, nikampelekea mama wa jirani kwa mikono miwili. Alilisoma, akalikunja, akaniuliza kama nimekula.