Ming'oko Kando ya Njia

Kisiwani Unguja, mtu akisema kwao ni Kusini hakuna amuulizaye zaidi. Msikilizaji huiona Makunduchi, huiona Kizimkazi na Jambiani, huwaona watu wa Mwaka Kogwa wakitwangana kwa vigomba, na mazungumzo yakaendelea. Fundi mmoja wa cherehani wa mjini aliishi ndani ya neno hilo miaka 34 bila ya kutamka uwongo hata mmoja. Kwao kulikuwa Kusini kweli, ila Kusini ile ya ng'ambo, ya mkoa wa Lindi, kwenye nchi ya Wamwera, mwendo wa mchana kutwa na sehemu ya siku ya pili kutoka bandari ya Dar es Salaam.

Asilaumiwe mno. Alivuka bahari mwaka 1990, mtoto wa miaka 12, akimfuata mjomba wake aliyekuwa mchukuzi bandarini. Skuli wenziwe waliyacheka matamshi yake. Naye alijua kwamba huko bara jina la Wamachinga, watu wa mkoani kwao, lilikwishageuzwa likawa jina la kila mchuuzi atembezaye soksi na vitana juani. Mtoto akiona kwamba kwao ni kichekesho, hujifunza upesi. Alipotimu miaka 20 ulimi wake ulikuwa umepigwa pasi kama suruali ya Idi, na hapana aliyemdhania ila mtu wa mjini. Mkewe, Mpemba, alilijua jambo hilo tangu siku ya posa, akalinyamazia. Watoto watatu walijua tu kwamba baba anapeleka pesa kwa bibi "huko Kusini", na kwamba bibi yuko mbali.

Mwezi wa Juni mwaka 2024 dada yake fundi alipiga simu. Mama macho yanamtoka, alisema, naye anataka kuwashika wajukuu angali anaona umbo lao. Kisha mama mwenyewe alipewa simu. Alisema maneno mengi kwa Kimwera, kwa maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, cha bei na salamu. Fundi alifahamu nusu. Akajibu kwa Kiswahili. Upande wa pili pakawa kimya, kimya cha mtu anayengoja mwanawe aanze kusema.

Ndipo Agosti, skuli zilipofungwa, familia ikapanda boti, na Dar es Salaam ikakodi gari dogo na dereva wake. Njia ya Kusini ina sifa yake. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, msafiri alitegemea kivuko, na masika yakija aliweza kungoja siku kadhaa akiyatazama maji. Hata baada ya daraja palibaki kipande kati ya Ndundu na Somanga ambacho kilikawia mno kupata lami. Na Mei ya mwaka huohuo wa 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilikuwa zimeikata tena barabara katika eneo la Somanga. Gari lao lilipita polepole penye vifusi vipya. Fundi hakusema neno. Walilala Lindi.

Asubuhi wakaipita njia panda ya Mnazi Mmoja, wakaiacha barabara ya Mtwara, wakashika ya Masasi. Mikorosho ilikuwa imeanza kutoa maua, na harufu ya salfa wanayopulizia wakulima dhidi ya ubwiriunga iliingia madirishani. Mabanda ya chakula yalikuwa mengi kando ya njia. Kila mtoto alipolinyoshea kidole moja, baba alisema, "Mbele kuna pazuri zaidi." Pazuri kwake palikuwa na vioo na meza za vitambaa. Baina ya Mtama na Nyangao mtoto mdogo, wa miaka mitano, akatapika, na shauri likakatwa na tumbo lake.

Banda waliloliangukia lilikuwa nguzo sita za miti na bati kuukuu. Mlangoni palikuwa na ndoo ya maji na kata ya kunawia. Nyuma, juu ya mafiga, chungu kilifuka moshi, na bibi mmoja mwembamba, kanga moja kiunoni na nyingine kichwani, alikuwa akikoroga bila ya haraka. Watoto walimwamkia. Akaitikia marahaba ya kila mmoja mbalimbali, hata ya yule mgonjwa, kisha akamkalisha kivulini na kumpa uji wa moto usio na sukari. Halafu akamgeukia fundi, akamtazama paji la uso, na akamsemesha kwa Kimwera.

Fundi akajibu, "Sisi wageni, bibi. Tunatoka Unguja."

"Karibuni," akasema bibi, kwa Kiswahili sasa, wala hakuongeza.

Kilicholetwa kilikuwa ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi na dagaa wa kukaanga. Mke aliumega ugali, akaunusa, akacheka peke yake: "Hii bada hii! Hii nimeilia Wete." Binti mkubwa, wa miaka 16, ambaye tangu Mbagala alikuwa hajasifia kitu, alimaliza sahani yake akaomba kisamvu tena. Yafaa kusema kweli: dagaa walikuwa wamezidi chumvi. Kisamvu, lakini, kilikuwa kimetwangwa na mtu asiyekuwa na safari.

Mwisho likaja chano la ming'oko. Wengi wa visiwani hawaijui. Ni viazi mwitu vya porini, vyembamba na virefu, wanavyochimba watu wa Lindi na Mtwara wakati wa kiangazi. Huchemshwa na maganda yake, humenywa vikiwa moto, huliwa kwa chumvi na pilipili. Mwaka wa njaa huwa ndiyo chakula. Mwaka wa shibe huwa kitafunio cha njiani. Watoto waliitazama bila ya kujua pa kuanzia. Baba yao aliuchukua mmoja, akaupasua ganda kwa ukucha wa gumba, akalivua kwa mvuto mmoja kama mtu avuaye soksi, na huku akiwa bado anautazama mng'oko, aliomba chumvi.

Aliiomba kwa Kimwera.

Mkewe aliinamisha uso. Mtoto wa kati, wa miaka tisa, alisita kutafuna. Bibi aliileta chumvi, akaiweka mezani, kisha akacheka, si kwa dharau.

"Mwanangu," akasema, "hivyo huomba mtoto anapomwomba mama yake. Mtu mzima haombi hivyo." Akamwonyesha asemavyo mtu mzima.

Fundi akarudia. Akakosea, akarudia tena. Kwa muda wote alioogopa kwamba lugha imemtoka, haikuwa imemtoka. Ilikuwa imekaa palepale alipoiacha, ina miaka 12, ilhali yeye ana 46.

"Baba," akasema binti, "Kusini yetu ni huku?"

"Ni huku."

Binti alinyamaza kidogo. Kisha akamgeukia bibi, pengine kwa kumsitiri baba yake: "Bibi, inaitwa ming'oko kwa kuwa inang'olewa?"

"Haing'olewi, mjukuu wangu. Ukiivuta hukatika, ukabaki na kipande. Huchimbwa taratibu, unaufuata ulikokwenda. Na kichwa chake mimi hukirudisha shimoni, mwakani kichipue."

Wangeweza kuondoka hapo. Lakini fundi alivuta kigoda karibu na mafiga, akauliza swali alilokuwa ameshindwa kumuuliza hata dada yake: mtoto aliyepotea miaka mingi humwamkiaje mama yake? Bibi hakushangaa. Alimpa salamu hiyo kipande kwa kipande, na palipostahili kungojwa jibu akamngojesha, akamfunza na jibu lenyewe ili alitambue litakapokuja. Binti aliandika yote nyuma ya tiketi ya boti, kwa herufi za kubahatisha.

Bibi alidai malipo ya kila sahani, hata ya uji, na chenji aliirudisha barabara. Ming'oko ya kuchukua aliifunga kwenye gazeti, kisha kwenye mfuko. Akasema ya mama isiletwe imepoa.

Garini fundi aliiweka magotini. Binti alisoma tiketi, baba akarudia; mtoto mdogo, tumbo lake limetulia, akaidaka salamu na kuitamka sawasawa mara ya kwanza, wote wakamgeukia. Wakampa kazi ya kuwasahihisha wengine. Walipofika Nanganga dereva alipunguza mwendo, akauliza kama ndiyo njia yenyewe.

"Kata kulia," akasema fundi. "Njia ya Ruangwa."