Radi ya Minneapolis, Fundi wa Kariakoo

Mjomba,

Laptop yangu imeungua. Najua utacheka, maana huko nyumbani tunaamini umeme wa Marekani hauna vituko. Kukatika haukatiki sana, kweli. Lakini kiangazi cha Minneapolis kina radi za kutisha, na katika mitaa mingi bado nyaya zinapita juu ya nguzo. Radi ikipiga karibu, umeme unaruka ghafla. Chaja imeandikwa volti 100 hadi 240, ndiyo maana haisumbui huku kwenye volti 120. Mruko wa radi ni habari ya maelfu. Hata ekstensheni zenye kinga huchoka: kidude cha ndani kinachomeza mruko hupungua nguvu kila kinapomeza.

Fundi wa huku aliifungua laptop mbele yangu. Kando ya tundu la chaja pana doa jeusi, dogo kuliko punje ya mchele. Nikamuuliza, si ubadilishe hicho kilichoungua tu? Akasema wao hubadilisha madabodi nzima: dola 420 pamoja na ufundi. Laptop iliyotumika ya aina hiyohiyo naipata kwa 350! Simlaumu. Saa moja ya kazi yake inanunua vidude kama kile vya kujaza kopo. Minnesota ina sheria ya haki ya kutengeneza, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, inayowabana watengenezaji wawape mafundi wa nje spea na miongozo. Sheria nzuri, ila ujira wa fundi haiushushi.

Kilichonikosesha usingizi ni picha za arobaini ya bibi na hesabu za kiwanja cha Kigamboni. Bahati yangu diski ya hii inachomoka. Kwenye laptop nyingi za siku hizi diski imechomelewa humohumo, ukitupa mashine umetupa na yaliyomo. Tuliitia kwenye kasha la USB, vyote vikasoma. Hapo likabaki suala la pesa tu, nalo jibu lake liko Kariakoo, kwa wale vijana wenye lenzi na hewa ya moto wanaotoa kidude kimoja na kurudisha kimoja.

Binti wa shangazi anakuja Desemba, nimempa laptop aibebe. Mwambie fundi diski asiitafute, ninayo mimi. Apime kwanza njia ya chaja, na bei mpatane kabla hajagusa kitu. Akikwambia madabodi imekufa kabisa, skrini na kibodi ni vizima, auze spea mgawane.