Ng'ombe Hazeeki Maini

Likizo iliyopita nilihudhuria arusi kijijini kwetu karibu na Garsen. Nyanya yangu alipoinuka kuongoza wimbo, kijana mmoja akapaza sauti, "Nyanya, zamu yako imekwisha! Wacha tuweke spika." Watu wakacheka. Hata mimi, kwa aibu yangu, nilicheka.

Nyanya akaketi. Akina mama wakaendelea na wimbo, lakini kufika ubeti wa pili, kimya! Hakuna aliyeujua. Ikabidi aitwe tena. Sauti ilikwaruza, pumzi ikakatika, lakini maneno yote alikuwa nayo.

Tusisahau kwamba wimbo wa taifa letu wa 1963 ulitokana na wimbo wa Kipokomo wa kubembeleza mtoto. Je, wazee wetu wangalinyamaza, ungalisikika wapi? Naye Bi Kidude wa Unguja alitunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 akiwa ajuza, na aliendelea kuimba hadi miaka yake ya mwisho. Alifariki 2013.

Sisemi mzee alazimishwe. Akichoka, apumzike, lakini uamuzi ni wake, si wetu. Nasi tujifunze ubeti wa pili mapema. Mimi nimeshaanza.