Balo Linapopanda Kahuzi

Ninyi mnaokaa karibu na machimbo mnajua vizuri bei ya kasiterite, imepanda au imeshuka. Mwezi huu tufuate kitu kingine kinachopita njia ile ile ya madini, lakini chenyewe kinaenda upande wa pili. Tufuate balo la nguo, kutoka Bukavu mpaka Bunyakiri.

Njia inajulikana. Unatoka Bukavu ukiwa na ziwa Kivu mkono wa kuume, unafika Miti, hapo unaacha njia ya uwanja wa ndege wa Kavumu na kupinda kushoto. Shamba za chai zinakwisha, unapita Tshivanga kwenye ofisi ya Mbuga ya Kahuzi-Biega, kisha gari inaanza kupanda. Mlima Kahuzi una metre 3.308, na hata katikati ya mchana ukungu unashuka juu ya mianzi, watu wa juu ya kamyo wanajifunika hema. Ni pori la sokwe wakubwa. UNESCO iliiandika mbuga hii katika urithi wa dunia mwaka wa 1980, na mwaka wa 1997 ikaiweka katika ile iliyo hatarini. Ukimaliza kushuka upande ule mwingine, hewa inabadilika. Joto, mihogo, ndizi, michikichi pande zote. Umefika kwa Batembo, na soko kubwa ni Bulambika. Ni kilometa 80 hivi tangu Bukavu. Kwa ramani ni kidole kimoja.

Sasa sikiliza maneno ya soko.

"Mama, haka kashati ngapi?"

Mama anataja bei.

"Eee! Ku Kadutu iko nusu ya hii! Mama, unataka kutuua?"

Nimesikia watu wengi wakisema wachuruzi wa Bunyakiri ni wezi. Mimi sikubali, na nitasema sababu.

Shati lile lilivaliwa kwanza Ulaya au Marekani. Mwenyewe alilitoa, likakusanywa, likapelekwa mahali pa kuchagua, pengine Dubai, likabanwa na mashine pamoja na mengine katika balo, mara nyingi la kilo 45. Kontena ikapanda meli mpaka Dar es Salaam au Mombasa. Kutoka pale kuna njia mbili kubwa za kufika kwetu: kwa kamyo kupitia Rwanda mpaka daraja la Ruzizi, au kwa Kigoma, halafu mashua mpaka bandari ya Kalundu kule Uvira, kisha kupanda mpaka Bukavu. Baharini kontena moja inabeba mamia ya mabalo, na gharama ya safari inagawanyika mpaka kila shati linalipa kidogo sana. Lakini kilometa 80 za mwisho balo linasafiri pamoja na mengine machache tu, au linakaa peke yake nyuma ya pikipiki, linalipa kwenye kila barieri, na mvua ikinyesha linalala matopeni siku mbili. Bahari ni rahisi kuliko Kahuzi!

Tena kuna jambo la pili. Balo linanunuliwa likiwa limefungwa. Mchuruzi haoni ndani. Tufanye hesabu kidogo, vijana chukueni kalamu. Tuseme mama amenunua balo la nguo za watoto dola 120, na safari pamoja na barieri imemla dola 15. Jumla 135. Ndani anahesabu nguo 200. Anasema moyoni: kila nguo imenigharimu senti 67 hivi. Si kweli! Nguo 40 zimechanika, au ni majaketi mazito ya theluji ambayo joto la Bulambika halitaki. Zitakazouzwa ni 160, na kila moja imegharimu senti 84. Akiuza senti 75 atafikiri anapata faida, kumbe anakula mtaji. Na mara nyingi makuta yenyewe ni ya likelemba, wenzake wanayangojea. Nguo ikikaa miezi mitatu kibandani, zamu yake ya kulipa haitamngojea.

Kwa hiyo mchuruzi mwenye akili hatazami bei peke yake, anatazama kalenda. Mwaka wa shule unafungua Septemba, na mtoto anatakiwa shati jeupe na suruali au sketi ya buluu. Tangu 2019 masomo ya shule ya msingi ya serikali ni ya bure, lakini iniforme inabaki mzigo wa mzazi. Na Septemba ndiyo mvua inarudi. Anayengoja mpaka Septemba kutafuta kitambaa Bukavu, kitambaa chake kinakwama porini wakati watoto wako tayari mlangoni mwa shule. Wale wanaojua wanapandisha mzigo Julai, njia ikiwa kavu. Vivyo hivyo vikwembe vya Noeli, na vile vya kwaya za wamama.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote katika biashara hii hakionekani mpaka gari ligeuke. Kamyo inayoshusha nguo Bulambika inarudi Bukavu na mafuta ya mawese, mihogo na ndizi. Mzigo wa kurudi unalipa sehemu ya safari. Kama hakuna mzigo wa kurudi, nguo zinalipa kwenda na kurudi. Majirani wetu wa Walikale, mbele kwenye njia hii hii, walilijua jambo hilo mwaka wa 2010. Ndege ndogo zilikuwa zinatua juu ya lami kule Kilambo kuchukua kasiterite, na zikija zilileta sabuni, chumvi, nguo. Mwezi wa Septemba Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Madini hayakutoka tena, ndege hazikuwa na sababu ya kuja, na vitu vya dukani vikawa haba. Hakuna aliyekataza nguo. Zilikosa tu wa kuzibeba.

Hata vita inaingia kwa mlango huo. Bukavu ilipochukuliwa na M23 Februari 2025, mabenki yalifunga, na mchuruzi aliyezoea kupata mzigo kwa mkopo akaambiwa alete dola mkononi.

Wazee watakumbuka kwamba zamani nguo haikutoka mbali hivi. FILTISAF ilifuma kule Kalemie, SOTEXKI Kisangani, UTEXAFRICA Kinshasa, pamba ya Congo kwa mikono ya Wakongomani. Kule Kinshasa kazi ya kufuma ilisimama mwaka wa 2007. Na njia hii ya Bunyakiri, ukiifuata mbele ya Walikale na Lubutu, ndiyo inayofika Kisangani kwenyewe. Leo kikwembe tunachoshona Bulambika kimetoka China, na kwa mwenye uwezo Hollande.

Turudi kwa zile nguo 40. Je, zinatupwa? Hapana. Jioni fundi wa kushona anapita na kuzinunua kwa bei ndogo, zote pamoja. Majaketi anayatoa zipu na vifungo, kwa sababu zipu mpya nayo lazima itoke Bukavu. Suruali kubwa za watu wazima zilizochanika magotini anazitenga kwa rangi. Za buluu anaziweka peke yake, anazifua, anakata juu ya goti, na mguu mmoja unatosha suruali fupi ya mtoto wa mwaka wa kwanza. Ikifika Agosti mashine yake hailali, na wazazi waliokosa kitambaa cha dukani wanapanga mstari barazani mwake wakiwashika watoto mkono, kila mmoja akingoja kupimwa kiuno.