Perle ni lulu, perle ni ushanga



Neno moja la Kifaransa limetusumbua kikundini mwezi huu: perle. Kwa Kifaransa lulu ya baharini ni perle, na ushanga wa plastiki nao ni perle. Sisi katika Kiswahili tuna maneno mawili, lulu na ushanga. Lakini tukinunua vitu vya mtumba kwa simu tunasoma Kifaransa cha muuzaji, na hapo ndipo pesa zinapopotea.

Mwenzetu aliomba mkopo kisandukuni ili alipe minervali ya watoto wawili, akaleta mkufu kuwa rehani. Aliununua dola 80 kwa muuzaji wa WhatsApp, aliyeandika tu: « collier de perles ». Hata tungemwita muuzaji, angesema hakudanganya. Ndiyo maana jambo hili linauma.

Mama mmoja kati yetu, aliyewahi kufanya kazi kwa sonara, aliushika mkononi kwanza. Plastiki ni nyepesi na haina ubaridi. Huu ulikuwa mzito, tukaanza kufurahi. Kumbe kioo nacho ni kizito. Akasugua punje moja polepole kwenye meno ya mbele (aliiosha kwanza, msicheke). Lulu ya kweli hukwaruza kidogo kama mchanga laini. Hii iliteleza. Mwisho akatazama tundu la uzi kwenye mwanga: rangi ilikuwa imebanduka, na chini yake kioo.

Tangu karne ya 17 mafundi wa Paris walipaka shanga za kioo rangi iliyotoka kwenye magamba ya samaki, basi ujanja huu si wa leo. Ila tusichanganye. Ukiona « perles de culture », usikimbie: hizo ni lulu za kweli, zilizokua ndani ya chaza au kome shambani. Mikimoto wa Japani alifanikiwa kuzipata mara ya kwanza mwaka 1893, na leo nyingi za maji baridi zinatoka China. Jino haliwezi kuzitenganisha na lulu za porini. Kazi hiyo ni ya mashine ya eksirei. Kwa hiyo anayekuandikia kwamba lulu zake ni za porini, bila karatasi ya maabara, mwache aendelee kuandika.

Mkufu tuliurudisha kwa mwenyewe. Wengine walitaka mkopo nao ukataliwe, tukabishana mpaka jioni. Mwishowe wamama wawili walimdhamini, na watoto wako darasani. Mkufu anauvaa, na kusema kweli unampendeza, lakini dola 80 zilikuwa karo ya mtoto mmoja.

Wengi wetu tunauza pia. Kama hujui ulichoshika, usiandike lulu. Andika ushanga mweupe. Lakini kama ni mkufu wa marehemu mama yako, upeleke kwanza kwa sonara, maana lulu ya kweli nayo huuzwa kwa bei ya ushanga. Usiisafishe kwa limau wala siki, asidi huila.

Na anayenunua aulize kabla ya kutuma pesa: « Perles de quoi? » Kisha aombe picha ya tundu, karibu kabisa. Muuzaji akikataa kuipiga, pesa zibaki kisandukuni.